Faili Zilizopelekwa Homa Bay Kupoa

Haya yote nilisimuliwa na Phanice mwenyewe, wiki ya Krismasi ya mwaka tisini na saba, tukipepeta wimbi nyumbani kwangu nje kidogo ya Rongo. Alisimulia siku mbili. Wimbi lilikwisha siku ya kwanza.

Kama gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa hiki, lilifungiwa mandazi kabla hujalisoma, si kosa lako. Phanice ni karani wa rejista katika Shirika la Pampu na Visima, tawi la Migori. Kikundi cha akina mama wa Uriri waliomba pampu yao ikaguliwe. Wakajibiwa baada ya siku sitini na saba kwamba pampu yao ni nzima, waendelee kuitunza. Wakati huo pampu ilikuwa imeng'olewa na wezi, na akina mama walikuwa wanatunza shimo.

Barua yao ya hasira ikafika Nairobi. Nairobi ikamtuma Bwana Nchagwa. Tulimwacha amesimama mlangoni kwa Phanice siku ya Jumatatu, mfuko mmoja umejaa misumari na mkononi kilo nzima ya uzi wa kufumia sweta.

"Misumari ya nini, bwana?" Phanice aliuliza.

"Kila meza ni msumari mmoja, madam. Kila faili ni uzi mmoja. Unasoma mihuri, unaona faili ilifika meza gani, tarehe gani, na uzi unaufuata hivyo hivyo ukutani."

"Si ungeuliza tu wafanyakazi?"

"Nikiuliza watu wataniambia vile kazi inafaa kwenda. Mihuri itaniambia vile ilienda." Akagonga msumari wa kwanza. "Pale nyuzi zitakapofungana, mwenye meza hiyo ataenda nyumbani. Ripoti inatakiwa Alhamisi. Jina moja tu."

Phanice hakuogopa. Miaka kumi na minne hajawahi kuacha faili ilale mezani kwake hata usiku mmoja. Alipiga chapa ya namba siku hiyo hiyo na kuisukuma mbele. Alikuwa na hakika kidole kitaelekea kwa mtu mwingine.

Alichoogopa ni chumba cha jirani, kwenye kolido hiyo hiyo. Huko alikaa Cliff, mkaguzi wa pampu, mume wa binti yake wa pekee, Dolphine. Na Dolphine alikuwa na mimba ya miezi saba. Kama jina lingekuwa la Cliff, mtoto angezaliwa baba hana kazi. Tena hata kuja kukaa kwa Phanice wasingeweza. Mkwe hawezi kulala kwa mama wa mke wake.

Basi, Nchagwa alipomwachia kazi hiyo, akaanza kuvuta nyuzi.

Njia ya faili ilikuwa fupi. Phanice anafungua faili, tarishi anampelekea Cliff. Cliff anaenda kuona pampu, anaandika, anairudisha kwa Phanice ipate namba. Kisha inaenda Homa Bay mara moja, meneja anatia sahihi. Kutoka meza ya Cliff hadi ya Phanice ni hatua sita. Mtu mwenye miguu mirefu anapiga nne.

Faili arobaini na tisa za kwanza zilienda hivyo hivyo. Siku kumi na tisa, kwisha.

Faili ya hamsini ikatoka kwa Cliff ikaenda Homa Bay. Ikakaa. Ikarudi Migori kwa Phanice. Akaipa namba. Ikaenda tena Homa Bay.

Ya hamsini na moja, vivyo hivyo. Na zilizofuata zote, jumla tisini na moja. Ukuta ukawa kama mtu aliyefungwa bendeji. Na kila faili ilikuwa na muhuri mmoja wa buluu wa Homa Bay ambao Phanice alikuwa ameuona mwaka mzima bila kuuliza, akidhani ni amri ya wakubwa. Muhuri uliandikwa: IMEPOA.

"Ondieki!" aliita.

Ondieki ndiye tarishi, mwanamume wa makamo kutoka upande wa Kisii, mwenye kupeleka mkoba wa faili kila Ijumaa.

"Niko hapa, Mama Dolphine."

"Hizi faili zinaenda Homa Bay mara mbili. Mara ya kwanza zinaenda kufanya nini?"

"Kusalimia."

"Ondieki, mimi sichezi."

"Na mimi sichezi. Mimi hubeba tu." Akatazama kolido, akashusha sauti. "Ni mambo ya mkwe wako. Tangu apeleke ng'ombe kwako Aprili mwaka jana, alisema hawezi kutoa kitu mkononi mwake kikaingia mkononi mwa mama aliyemzaa mke wake. Hiyo ni kukosa adabu."

"Si angekupa wewe uniletee?"

"Alinipa! Siku ya kwanza. Nikiwa nusu ya kolido akanikimbilia, akaninyang'anya. Akasema faili bado ina joto la mkono wake."

"Joto?"

"Joto. Akasema ikalale kwanza mahali pengine, ipokelewe na mtu mwingine, igongwe muhuri, iwe faili ya Homa Bay. Hapo utaishika bila aibu. Pamela wa Homa Bay aliuliza ni ya nini, nikamwambia imekuja kupoa. Akachongesha muhuri. Lakini yeye hairudishi moja moja, anangoja sanduku lijae."

Phanice alikaa chini. Sasa alielewa mengi. Kabla ya harusi Cliff alikuwa anaingia chumbani kwake na kula mihogo yake bila hata kuomba. Tangu ng'ombe zifike, akimwona Phanice kwenye kolido anarudi kinyumenyume. Siku moja aliruka dirisha akaangukia birika la mama wa chai. Phanice alijua ni heshima. Mama mkwe, maro kama wanavyosema Wajaluo, hupishwa njia nzima. Ila hakujua heshima hiyo ilikuwa na mkoba na nauli ya kwenda Homa Bay.

Akatazama ukutani. Nyuzi tisini na moja zilitoka msumari wa Cliff zikaenda Homa Bay, na zote zilifanya hivyo kwa sababu ya msumari wa Phanice. Fundo lilikuwa ni wao wawili.

Hapa Phanice aliniwekea mkono kwenye ungo, akasema, "Mama, hapo usiandike." Nimeandika, kwa sababu ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe alirudi kesho yake akasema niandike.

Alifunga mlango. Akachomoa nyuzi zote za safari ile ya kupoa, akaandika upya kwamba kutoka kwa Cliff faili zilikuja kwake moja kwa moja, siku hiyo hiyo. Siku arobaini na nane zilizozidi zile kumi na tisa akazitwika meza ya Pamela, kwamba zilikuwa Homa Bay zikingoja sahihi. Pamela hakumjua sana. Aliwahi kumwona mara mbili tu, na mara moja alikuwa amevaa sweta ya kijani isiyopendeza. Hiyo ikawa sababu ya kutosha.

Jumatano asubuhi Nchagwa akaja na kalamu nyuma ya sikio. Alitembea kando ya ukuta polepole. Akarudi. Akatembea tena.

"Madam, hii faili ilifika Homa Bay tarehe tatu ya Juni kutiwa sahihi."

"Ndiyo, bwana. Huyo Pamela ni mzito sana."

"Na wewe uliipa namba tarehe ishirini na moja Julai, hapa Migori."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo ilifika Homa Bay kabla haijatoka Migori."

Phanice akausogelea uzi, akahesabu kwa vidole.

"Na hii pia. Na hii. Faili tisini na moja, zote zinafika kabla ya kuondoka." Nchagwa akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Nimefanya kazi hii mikoa mitano. Nimeona faili zikipotea. Nimeona moja iliyoliwa na mbuzi. Sijaona zinazorudi nyuma kwenye kalenda. Madam, ama Migori mna ajabu, ama umechezea nyuzi zangu."

Phanice angeweza kusema Migori kuna ajabu. Alisema aliifikiria hiyo kabisa. Lakini macho ya mtu yule yalikuwa ya upole, na yeye alikuwa amechoka. Akasema yote. Harusi, ng'ombe, joto, muhuri, uongo.

Alingoja kicheko. Nchagwa hakucheka. Alivua kofia.

"Mimi ni Mkuria," alisema. "Mambo ya mkwe sicheki. Mama wa mke wangu anakaa karibu na barabara pale Isebania. Nikienda kwetu huwa naingia Tanzania, nazunguka, narudi Kenya upande wa pili, ndiyo nisipite mlangoni pake."

"Na huwa inachukua muda gani?"

"Siku nzima. Na pasipoti."

Wakatazamana kama watu wa kabila moja.

"Huyo kijana yuko wapi sasa?" Nchagwa aliuliza.

"Yuko nyuma ya kabati."

Kati ya vyumba vile viwili palikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa kabati la chuma. Mgongo wa kabati uliliwa na kutu zamani, kwa hivyo ukifungua milango yake unaona rafu, halafu giza, halafu, siku ile, viatu vya Cliff vikirudi nyuma haraka.

Phanice akageuka uso upande. Akasema kwa sauti, "Kabati, muulize aliye huko kama anajua mtu mmoja atafutwa kazi kesho."

Kisha sauti ikatoka kati ya makaratasi. "Kabati, mwambie mama nimesikia."

"Kabati, muulize ni nani alimfundisha kwamba karatasi inashika joto mpaka Homa Bay."

"Kabati, mwambie mama samahani. Babu yangu alisema kigoda alichokalia mkwe kisikaliwe na mama mpaka kipoe. Faili nimeikalia siku mbili nikiandika. Ningefanyaje? Ningeiweka mikononi mwa mama wa mke wangu kama utingo anayegawa tiketi?"

Katika maisha yake yote, marehemu mumewe akiwemo, hakuna mtu aliyewahi kumheshimu kwa siku arobaini na nane mfululizo, mara tisini na moja.

"Kabati," alisema polepole, "mwambie jina la kwenda nyumbani litakuwa langu. Mimi nimekula mshahara wa kutosha. Yeye ana mtoto anakuja."

"Kabati, mwambie mama hapana! Mama asirudi nyumbani kwa ajili yangu. Nitamtazamaje?"

"Kabati, mwambie tayari hanitazami!"

Nchagwa alikuwa ametoa saa yake ya mkononi, anaitazama. "Sekunde nne," alisema.

"Nini?" Phanice aliuliza.

"Neno linaingia huku na jibu linarudi kwa sekunde nne. Hili kabati ndilo mfanyakazi mwenye kasi kuliko wote katika shirika." Akainama, akaongea ndani ya rafu. "Wewe kijana! Ukiweka faili kwa rafu upande wako, mama akaitoa upande huu, kuna ubaya?"

"Itakuwa bado na joto, bwana."

"Kwa muda gani?"

"Usiku mmoja, nafikiri."

"Dakika tano."

"Aii, bwana! Hata chai haipoi dakika tano."

Phanice akaona wanaume wawili wakibishana juu ya kitu kisichoonekana, na zamu yake imefika. "Kabati ni la chuma," alisema. "Chuma hupoza haraka. Tangu asubuhi hadi saa ya chakula cha mchana inatosha. Mimi ndiye maro, na mimi nimesema."

Kabati likasema, "Ero kamano, mama." Ahsante hiyo ilitoka kama mtu aliyetua gunia.

Nchagwa akagonga msumari mpya ukutani, akaandika chini yake KABATI. Akahesabu. Safari ya kwanza ya Homa Bay imekufa. Faili itamaliza siku kumi na tisa kama zamani, labda kumi na nane. Phanice akapiga makofi. Ondieki, aliyekuwa akisikiliza kolidoni kama kawaida yake, akapiga pia.

"Basi imekwisha," Phanice alisema. "Hakuna wa kwenda nyumbani."

Nchagwa hakupiga makofi. Alifungua mkoba wake, akatoa barua yenye nembo ya shirika. Ilikuwa imeshapigwa taipu Nairobi. *Tunasikitika kukujulisha kwamba kuanzia leo huduma zako.* Palikosekana jina na sahihi ya meneja tu.

"Hii ilitangulia kuandikwa kabla sijapanda basi," alisema. "Ninazo nakala mbili, ikiwa ya kwanza itachafuka. Nikirudi bila jina, madam, litaandikwa langu. Mimi nina watoto sita, na yule mama mkwe wa Isebania ndiye wa kwanza atakayesikia."

Phanice akachukua nakala ya kwanza, akapiga taipu jina lake mwenyewe herufi moja moja. Ikawa imebaki kalamu ya meneja tu.

Lakini alipokuwa anatafuta bahasha, mkono ulijitokeza kabatini, ukaitwaa nakala ya pili, ukapotea. Wakasikia taipu ya ng'ambo ikilia. Karatasi ikarudi rafuni. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Cliff.

"Kabati, mwambie aichane hiyo!"

"Kabati, mwambie mama bado ina joto, asiiguse."

Na kweli hakuigusa. Ndiyo adabu hiyo, humfunga mtu pande zote mbili. Nchagwa akazichukua zote mbili, akasema meneja wa Homa Bay ndiye atakayeamua, kwa kuwa yeye hana moyo huo.

Alhamisi wakapanda pikapu ya shirika. Ondieki kwenye usukani, Phanice na Nchagwa kando yake, na nyuma Cliff amejifunika turubai kama gunia la vitunguu ili maro asimwone kwenye kioo.

Meneja wa Homa Bay aliitwa Ratemo, mtu mpana, mpole, asiyependa haraka. Alisisitiza mgeni ale kwanza. Kila mmoja akamaliza samaki mzima wa ngege na ugali wa kulingana naye. Walipofika ofisini ilikuwa saa nane mchana, jua limekaa juu ya mabati, na hata Pamela pale mapokezi alikuwa amelalia sanduku la faili zinazopoa, sweta ya kijani chini ya shavu.

Ofisi ya meneja ilikuwa na madirisha mawili, moja kila upande wa kona ya nyumba. Phanice akasimama nje ya la kwanza. Cliff akasimama nje ya la pili. Kona ya ukuta ikawa katikati yao.

Nchagwa akaanza kusoma ripoti yake kwa sauti. Nyuzi, misumari, wastani wa siku, siku zilizozidi wastani. Ukurasa wa tatu meneja alitikisa kichwa. Ukurasa wa saba alitikisa polepole zaidi. Ukurasa wa kumi na moja sauti ikakatika, na Phanice alipotazama vizuri aliona aliyelala ni Nchagwa, katikati ya sentensi yake mwenyewe, kidole bado kwenye mstari.

Meneja akabaki peke yake. Akavuta zile barua mbili. Akasoma ya juu, akasoma ya chini, akapumua kwa pua. Akachukua kalamu.

Phanice alishika vyuma vya dirisha.

Kalamu ilishuka. Ikapanda. Ikashuka tena. Kisha kalamu ikaanguka, na kichwa cha Meneja Ratemo kikafuata taratibu, shavu lake likatua juu ya barua zote mbili na kuzifunika zote mbili.

"Ukuta!" Phanice alinong'ona. "Mwambie ametia sahihi mara mbili! Zote mbili!"

"Ukuta, mwambie mama ni mara moja," sauti ya Cliff ilijibu kutoka nyuma ya kona. "Ya pili alikuwa anafukuza nzi."

"Niliona kalamu ikigusa karatasi!"

"Iligusa nzi, mama."

"Na hiyo moja, ni ya nani?"

"Sikuona. Shavu lilifika kwanza."

Phanice akahesabu upesi. Moja yake, Dolphine amenusurika. Moja ya Cliff, mtoto anazaliwa na njaa. Zote mbili, basi nyumba mbili zimezimwa kwa kalamu moja, na kabati la Migori limebaki peke yake na faili pande zote. Angeingia amvute meneja shavu? Akisogea mlangoni, lazima Cliff arudi nyuma hadi barabarani. Cliff akisogea, lazima yeye aende nyuma ya choo.

"Ukuta, mwambie asiingie. Tungoje ageuze kichwa."

Hakukuwa na jibu.

"Ukuta?"

Aliinama kidogo kwenye kona, akaona viatu tu, visigino vimekaa kwenye vumbi, na kofia iliyoinamia magoti. Kijana hakuwa amelala tangu Jumatatu. Phanice akarudisha uso haraka. Mkwe aliyelala hatazamwi. Kule barabarani, miguu ya Ondieki ilikuwa imetoka dirishani mwa pikapu, soksi moja imetoboka, haitikisiki.

Akavuta benchi chini ya dirisha. Akasema atamtazama meneja mpaka shavu lile liinuke, hata kama ni jioni, hata kama ni Ijumaa. Ndani, simu ikaanza kulia juu ya meza. Ililia sana. Meneja akageuza kichwa nusu, ncha ya karatasi ikaonekana chini ya kidevu, na wino juu yake, kisha shavu likarudi.

Yeye naye hakuwa amelala tangu Jumatatu. Alisema atafumba jicho moja tu, lingine libaki dirishani. Lile la dirishani ndilo lililotangulia kulala.